Watoto wamehamia mjini, wageni wanataka shamba: niuze, nikodishe au nibaki?

SWALI: "Mimi ni mjane wa miaka 57, naishi kijiji kimoja wilayani Chamwino. Mume wangu alifariki mwaka 2019 akaniachia watoto wanne na shamba la ekari 16. Hatuna karatasi yoyote, ila kila mtu hapa anajua shamba ni letu tangu watu walipoletwa kijijini wakati wa Operesheni. Watoto watatu wako Dodoma mjini: mmoja bodaboda, mmoja fundi ujenzi Mtumba, mmoja ana duka dogo. Wa nne yuko Dar es Salaam. Mimi nalima ekari nne tu, zilizobaki zimelala huu msimu wa nne kwa sababu sina nguvu wala hela ya vibarua. Kijiji chetu kinakufa. Vijana wakimaliza shule wanaondoka, hata msibani tunakosa wa kuchimba kaburi. Wakati huohuo wanakuja wafugaji, Wasukuma na Wamang'ati, wanataka kukodi. Kuna bwana mmoja wa mjini anataka kununua ekari kumi, anasema nikichelewa serikali italichukua kwa kuwa halilimwi. Shemeji yangu anasema shamba ni la ukoo, sina ruhusa ya kuuza wala kukodisha. Mwanangu wa Dar anasema huko Marekani vijiji vilivyokufa vimefufuliwa na wahamiaji, kwa hiyo tuwakaribishe wageni. Wengine hapa wanasema tuwafukuze kabla hatujawa wageni kwenye ardhi yetu wenyewe. Na hii mikopo ya vijana na BBT, ule mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana, inaweza kuwarudisha watoto wangu? Nifanye nini?"

JIBU: Shikamoo mama. Pole kwa msiba, na pole kwa miaka hii yote uliyobeba nyumba na shamba peke yako. Umeuliza mambo mengi, lakini nikiyaweka pamoja naona hofu moja: kwamba watoto wakiondoka na wageni wakiingia, ardhi itakuponyoka ungali hai, nawe huna hata karatasi ya kuonyesha. Nianze na hilo la kunyang'anywa, kwa sababu lina muda wake. Habari ya kijiji na watoto itafuata.

Huyo bwana wa mjini amechukua kipande cha sheria akakifanya fimbo ya kukutishia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kweli inazungumzia ardhi iliyotelekezwa. Inasema ardhi inayomilikiwa kimila inaweza kuhesabiwa kuwa imetelekezwa kama mwenyewe hakuikalia wala kuitumia kwa muda usiopungua miaka mitano. Lakini sheria hiyohiyo inakubali kwamba kuipumzisha ardhi ni matumizi halali, na wewe unaishi papo hapo na sehemu yake unailima. Tena anayeweza kuanzisha hatua hiyo ni halmashauri ya kijiji, kwa tangazo la wazi, na wewe unapewa nafasi ya kujieleza. Ardhi ikishatangazwa kuwa imetelekezwa inarudi mikononi mwa kijiji. Haiendi kwa mnunuzi aliyekuwa akikuhimiza uuze haraka.

Hata hivyo usiipuuze hesabu ya miaka. Ekari kumi na mbili zilizolala msimu wa nne zinatamanisha watu, na ugomvi wa ardhi huku kwetu mara nyingi huanza kwenye kipande ambacho hakuna aliyekigusa. Msimu ujao hakikisha sehemu kubwa ya hizo ekari imetumika, kwa kukodisha ikibidi, na kwamba kuna maandishi yanayoonyesha aliyeruhusu ni wewe.

Sasa shemeji. Hapa sitakupa jibu jepesi, kwa sababu sheria zenyewe zinavutana. Upande mmoja, sheria za ardhi za 1999 zinasema wazi kwamba haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke haki hiyo haina nguvu. Sheria pia inatambua jasho la mke aliyeshiriki kuiendeleza ardhi ya familia. Upande wa pili, kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zinambana sana mjane katika mirathi: zinamtaka atunzwe na watoto wake, si arithi mwenyewe. Wanaume wengi wa ukoo hushika hizo kanuni za 1963 na kuzinyamazia za 1999. Ila hata kwa kanuni hizo za zamani, shamba la marehemu mwenye watoto haliendi kwa kaka yake likawaruka watoto. Kwa hiyo shemeji anaposema ni la ukoo, mwulize kwa upole, mbele ya wazee: watoto wa ndugu yako si ukoo?

Kinachokosekana ni mirathi. Tangu 2019 hakuna aliyeteuliwa kisheria kusimamia mali ya marehemu, ndiyo maana kila mtu anaweza kujitangaza msemaji wa shamba. Itisheni kikao cha familia, watoto wote wanne wawepo, hata yule wa Dar kwa simu. Andikeni muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, ambaye anaweza kuwa wewe, mkaupeleke Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Baada ya hapo ndipo uombe hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji. Hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya zaidi ya mtu mmoja, na kwa hali yako ningependa kuona jina lako na majina ya watoto wako humo. Inataka majirani wa mipaka yote waje washuhudie alama, na kazi hiyo ni rahisi sasa kuliko itakavyokuwa baada ya wazee mliopangiwa mashamba pamoja kuisha.

Nije kwenye kijiji chenyewe. Naelewa kwa nini unasema kinakufa, kwa sababu unachokiona ni kweli: nguvukazi imeondoka. Lakini watu hawapungui. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.08 mkoani Dodoma, na ya 2022 ikahesabu milioni 3.09. Jiji la Dodoma peke yake lilitoka watu kama 411,000 hadi zaidi ya 765,000 katika miaka hiyo kumi. Hao si wageni wa Dar es Salaam na watumishi waliofuata wizara peke yao. Wengi ni watoto wa Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa na Chemba, pamoja na wako watatu. Kilichotokea ni kwamba mkoa umegawana umri: wenye miaka ishirini na thelathini wamesogea kwenye lami, wazee na watoto wadogo wamebaki. Nalisema hili kwa sababu dawa ya mahali palipokosa watu si dawa ya mahali palipokosa mikono katika miezi michache ya mwaka.

Na kuondoka kwenyewe si jambo geni Ugogoni. Bibi na babu zetu walikwenda kuhemea kila mvua zilipogoma, na njaa kubwa ya Mtunya, kati ya 1917 na 1920, ilitawanya watu mbali sana. Tofauti ni kwamba zamani mtu alikwenda kutafuta chakula akarudi mvua zilipokuja. Siku hizi mji haumwachii. Tangu serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, mji wa serikali wa Mtumba ukajengwa na treni ya umeme ikaanza kufika mwaka 2024, kuna kibarua mjini mwezi wowote utakaokwenda.

Kijiji kinaajiri miezi mingapi? Hapa ndipo penye kiini, na naomba tukae hapo kidogo. Eneo lenu hupata mvua za milimita 500 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, zote katika msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kazi ya shamba ni ya miezi mitano, na hela ya shamba huja mara moja, Juni au Julai, wakati ambapo kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Mlanguzi anakuja na debe lake na gunia la lumbesa, unauza kwa sababu ada na deni la dukani havisubiri. Kijana anayeendesha bodaboda anapata kidogo, lakini anapata kila siku. Akikaa chini kupiga hesabu ya mwaka mzima, hata akiwa analipenda shamba la baba yake, anaondoka. Huo si uvivu. Nimechoka kusikia vijana wa vijijini wakiitwa wavivu na watu ambao mshahara wao unaingia kila mwezi.

Kuna jambo jingine linalofanyika polepole na wengi hawalioni. Mazao yanayoivumilia ardhi yetu ni mtama na uwele. Lakini mtama unataka watu wa kuamia ndege kwa wiki kadhaa kuanzia punje zinapoanza kujaa, na kundi la kweleakwelea likishuka kwenye shamba lisilo na mtu hubaki mabua. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto na vijana. Watoto sasa wako darasani, kama inavyopaswa, na vijana wako mjini. Kwa hiyo kaya inageukia mahindi, ambayo ndege hawayasumbui sana. Mahindi nayo hayana simile na ukame wa Februari: jua likiwaka wiki tatu wakati yanatoa mbelewele, mmekosa. Kaya ikikosa, mtoto mwingine anaondoka, na mikono ya kuamia inapungua tena. Ukiuliza kwa nini ekari kumi na mbili zimelala, sehemu kubwa ya jibu iko kwenye mzunguko huo.

Sera nazo zina mkono wao. Kongwa, jirani zenu, ndiko Waingereza walikoanzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 bila kuuliza mvua za mahali zinanyeshaje, na kufikia 1951 walikuwa wameuacha. Operesheni Dodoma ya 1971 iliwakusanya watu waliokuwa wakiishi kwa kutawanyika, kila boma na shamba lake, ikawaweka pamoja ili wapate shule, maji na zahanati. Huduma zikaja kweli, na sitaki kulidharau hilo, lakini mashamba yaliyo karibu na makazi yakachoka haraka na ya mbali yakawa ya kutembea saa nzima. Karibuni zaidi mmeona alizeti: ushuru wa mafuta ya kula yanayotoka nje ulipolegezwa, wakulima wa Singida na Dodoma walivuna mwaka 2023 na kukuta bei imeporomoka. Mkulima aliyeambiwa apande alizeti mwaka mmoja na akatelekezwa sokoni mwaka unaofuata hatamshauri mwanawe arudi kijijini.

Basi, wageni. Wanaosema mwafukuze hawana msimamo wa kisheria. Wafugaji hao ni Watanzania, na Katiba, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda na kuishi popote nchini. Hakuna kijiji kinachoweza kumkataa mtu kwa kabila lake. Tena Wagogo wenyewe ni wageni kwingine. Wakulima wengi waliofungua mashamba Kiteto, mkoani Manyara, walitoka Kongwa, na wenyeji Wamaasai waliwatazama kwa jicho lilelile ambalo baadhi yenu mnawatazamia Wasukuma na Wabarbaig, hao mnaowaita Wamang'ati. Mgogoro ule wa eneo la Emboley Murtangos uliachwa ukaiva kwa miaka, na Januari 2014 watu waliuawa. Haukuwa ugomvi wa damu na damu. Mipaka haikukubalika na wote, ardhi iligawiwa kienyeji na viongozi wa upande huu na ule, na aliyekuwa na malalamiko hakuona mahali pa kuyapeleka yakasikilizwa kwa haki.

Wanaosema mwakaribishe tu nao wanakosea, kwa sababu haki ya kuishi kijijini si haki ya kujichukulia ardhi. Mgeni anatakiwa kuomba kwa halmashauri ya kijiji, na halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao wewe una kura ndani yake. Mifugo inahamishwa kwa kibali. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi kinaonyesha kwenye ramani wapi ni malisho, wapi ni mashamba, wapi ng'ombe wapite kwenda majini. Kijiji kisicho na mpango huo kinategemea huruma ya mwenyekiti, na mwenyekiti anaweza kupewa dume la ng'ombe usiku. Kama kwenu mpango haupo, hilo ndilo la kulisimamia kwenye mkutano mkuu unaokuja kuliko hotuba za kufukuza watu. Sheria inataka mkutano huo ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Viongozi wenu waliochaguliwa Novemba 2024 waulizwe ulifanyika lini mara ya mwisho.

Mwanao wa Dar hajakosea kuhusu Marekani, ila amechukua nusu ya habari. Ni kweli kuna miji midogo ya mashambani iliyopata uhai kwa wahamiaji. Garden City, katika jimbo la Kansas, ilijaa watu baada ya viwanda vikubwa vya nyama kujengwa kuanzia mwaka 1980, wakaja Wamexico, Wavietnamu, baadaye Wasomali na watu wa Myanmar. Shule zilijaa, maduka yakafunguliwa. Mashamba ya mboga na matunda nayo yanategemea sana vibarua wa kigeni, wengine bila vibali, wengine kwa kibali cha msimu ambacho humlazimu kibarua kurudi kwao kazi ikiisha. Lakini tazama wahamiaji wale walikwenda kuchukua nini. Walikwenda kuchukua kazi ya mshahara. Shamba lilibaki kwa mwenye hati yake. Kwenu, mgeni anayebisha hodi anataka ardhi yenyewe, na wewe mwenye ardhi huna hati. Mfano wa Kansas hauwezi kuhamishiwa Chamwino hivihivi.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa hapa nchini. Wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka 1972 walipelekwa Ulyankulu mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda, maeneo yaliyokuwa pori. Kila familia ilipewa shamba lake. Kufikia 1985 walikuwa wanajilisha wenyewe kiasi kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliondoa mkono na kukabidhi makazi hayo kwa serikali. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wamepewa uraia wa Tanzania. Walifanikiwa kwa sababu kila mtu alijua shamba lake linaanzia wapi na linaishia wapi, shule zilikuwepo, na tumbaku na mahindi vilipata mnunuzi. Yakipatikana hayo, mgeni ni faida kwa kijiji. Yasipopatikana, hata ndugu wa tumbo moja watakatana mapanga.

Kuhusu BBT, nakueleza kama ninavyomweleza kila mzazi anayeniuliza. Mpango huo wa Jenga Kesho iliyo Bora, uliozinduliwa Dodoma mwaka 2023, una mashamba makubwa ya pamoja wilayani kwenu, Chinangali na Ndogowe, ambako vijana kutoka mikoa mbalimbali walichaguliwa na kufundishwa. Nia ni njema, na bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda sana: kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata. Lakini BBT inamweka kijana kwenye shamba la mpango. Haimrudishi kwenye shamba la mama yake. Mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, ilisimama mwaka 2023 na kurejea 2024. Hiyo iko karibu nawe zaidi, ila inapitia vikundi, na ni deni. Sikushauri ukope kulima mahindi ya mvua. Mvua ikigoma, kikundi kizima kinadaiwa.

Je, watoto watarudi? Wote wanne, hapana, na naomba usijipe homa kwa kuwangoja. Mmoja anaweza kurudi, au kurudi nusu: abaki mjini lakini alime kwa hela na simu. Hilo ndilo naliona likifanya kazi katika kaya nyingi za pembezoni mwa jiji. Fundi wa Mtumba akituma hela ya trekta Desemba, na mwenye duka akaja kukaa wiki tatu wakati wa kuamia, mtama wa ekari tano unavunwa. Chagueni mbegu ya muda mfupi kama Macia, na kwa mtama mweupe ulizieni soko kabla ya kupanda, kwa sababu viwanda vya bia na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani vimekuwa vikinunua mtama wa Dodoma kwa kupitia vikundi na vyama vya ushirika. Kituo cha utafiti cha TARI Hombolo ndicho chenye mbegu na ushauri wa mtama na uwele. Majirani zako wakipanda mtama mwaka huohuo, ndege wanagawanyika na kazi ya kuamia inakuwa nyepesi. Ukipanda peke yako katikati ya mahindi, ndege wote ni wako.

Kinachomvuta kijana ni kazi ya kiangazi. Zabibu zina sifa hiyo, zinavunwa mara mbili kwa mwaka hapa Dodoma, na mzabibu unataka kupogolewa, kumwagiliwa na kutunzwa wakati ambapo mashamba mengine yamelala. Lakini mwaka wa kwanza hazikupi kitu, zinataka nguzo, waya na maji ya uhakika, na wako wakulima walioshindwa kwa kukosa mnunuzi siku zabibu zilipoiva. Bila kisima au skimu ya umwagiliaji karibu, usianze. Mbuzi na kuku wa kienyeji ni njia ndogo zaidi, na kwa mama anayeishi peke yake nadhani ni ya busara zaidi.

Sasa uamuzi wa shamba. Kuuza ekari kumi kwa huyo bwana ni chaguo ninalolipinga, na sababu ni mbili. Kwanza, hujakamilisha mirathi, kwa hiyo unachouza leo kinaweza kupingwa kesho na shemeji au hata na mtoto wako mwenyewe, na wewe ndiye utakayetakiwa kurudisha hela. Pili, Chamwino ina Ikulu, ina barabara, ina jiji linalopanuka kuelekea kwenu. Mnunuzi anayekuharakisha anajua bei inakwenda wapi. Kama kuna shida ya lazima, ugonjwa kwa mfano, uza kipande kidogo baada ya hati kutoka, mbele ya halmashauri ya kijiji, na si kwa karatasi iliyoandikwa sebuleni na mashahidi wa mnunuzi. Na kama mnunuzi si raia, jua kwamba sheria haimruhusu kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia taratibu za serikali. Mtanzania anayemnunulia mgeni kwa jina lake anakuingiza kwenye kesi.

Kuhamia mjini kwa watoto sikukatazi, ila waulize kwanza wanaishi vyumba vingapi. Mama wa miaka 57 mwenye nguvu ya kulima ekari nne, akiingia kwenye chumba cha kupanga cha kijana wa bodaboda, kwa kawaida ndani ya mwaka anatamani kurudi. Akiwa ameuza shamba, hana pa kurudi.

Kukodisha, nakubaliana nako, na wafugaji hao wanaweza kuwa wateja wazuri kuliko unavyodhani. Ila msikodishane kwa mdomo. Mkataba uwe wa msimu mmoja mmoja, uandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, utaje idadi ya ekari, mipaka, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na malipo yatolewe mwanzoni. Usimruhusu mpangaji kupanda miti, kuchimba kisima au kujenga nyumba ya kudumu, kwa sababu hivyo vitu ndivyo vinavyoanza kuzungumza baadaye kwamba mahali ni pake. Kwa ekari nne unazolima mwenyewe, fikiria mpango wa mabua: ukishavuna, mfugaji aingize ng'ombe wale mabua kwa wiki mlizokubaliana, walale hapo, wakuachie samadi. Wengi wenu huko mnaberega tu, yaani mnapanda bila kulima kwanza, na ardhi imechoka, kwa hiyo samadi hiyo ina thamani kuliko hela ndogo ya kodi. Mbolea ya ruzuku ipo tangu msimu wa 2022/23 kwa mkulima aliyejiandikisha kwa mtendaji, basi hakikisha jina na namba yako ya simu vimo, lakini kwenye mchanga wetu mbolea ya dukani bila samadi na bila unyevu haifiki mbali. Na visiki vya miti ya asili vinavyochipua shambani usiving'oe, vipunguzie machipukizi ubaki na mawili au matatu yenye nguvu, kama wanavyofundisha watu wa kisiki hai.

Mambo haya mengine hayafai kumalizwa kwa barua. Nenda kamwone mtu ana kwa ana, haraka, kama shemeji au mtu yeyote ameanza kupima au kuweka alama shambani, kama umeombwa kuweka dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa, kama mifugo imeingizwa kwenye mazao, au kama umetishiwa kwa maneno ya kukuondoa. Tishio la nguvu lipeleke polisi siku hiyohiyo. Ugomvi wa mipaka uanzie Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo lina wajumbe saba na angalau watatu lazima wawe wanawake, kazi yake ni kusuluhisha. Usipomalizika hapo, unapanda kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa mirathi, tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa wilayani kabla hujafika mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii au ya maendeleo ya jamii ya halmashauri itakuelekeza walipo. Afisa ardhi wa wilaya atakuambia kama kijiji chenu kina cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi, na bila hivyo hati zenu zitachelewa, kwa hiyo swali hilo ulizeni mkiwa kundi la wanakijiji.

Anza na kikao cha familia, watoto wakija likizo ijayo, na mwalike shemeji akae humo asikie. Mweleze bwana wa mjini kwamba shamba liko kwenye mirathi na haliuzwi. Mfugaji unayetaka kumkodishia mpe jibu mapema, ili mkataba uwe umeshaandikwa na kugongwa muhuri kabla ya mvua za Desemba, kwa sababu mvua ikishaanguka kila mtu atakimbilia kulima na hakuna atakayekuwa na muda wa kusoma karatasi.